Kabla ya kubandika vigae bafuni, tazama kilicho chini ya sakafu

Mwezi uliopita nilifunga safari hadi Chechelesi, mjini Isiolo, kumjulia hali nyanya yangu ambaye alikuwa ameumia kiuno. Ajuza huyo aliyepita umri wa miaka 70 hakugongwa na gari wala hakuangushwa na mkokoteni wa maji. Aliteleza bafuni. Tena si katika bafu la zamani la mabati lililoko nyuma ya nyumba, ambalo amelitumia miaka na mikaka bila kujikwaa, bali katika bafu jipya la ndani ambalo binamu yangu alilijenga kwa heshima yake.

Binamu alinionyesha bafu hilo kwa fahari, na kwa hakika lilikuwa la kupendeza. Vigae vyeupe vilipanda ukutani hadi darini. Sakafu iling'aa mithili ya kioo. Kulikuwa na choo cha kukalia, sinki ya kunawia mikono, na bomba la mvua la kuogea lenye kupasha maji moto kwa stima. Nikafungua mfereji ili ninawe. Ukakoroma, ukatema upepo, kisha ukanyamaza.

"Leo si siku yetu ya maji," binamu akasema, huku akinielekeza kwa mtungi wa lita 20 uliowekwa nyuma ya mlango, kopo likiwa juu yake.

Baadaye nilipoketi na mgonjwa kivulini nilimuuliza, "Nyanya, ukipona utarudi kuoga ndani?"

Akatikisa kichwa. "Mjukuu wangu, pale pametengenezwa pa kutazamwa. Mimi nataka pa kuoga."

Maneno hayo yamenikaa moyoni, nami nimeona afadhali niyalete kwenye ukurasa huu wa afya, kwa kuwa binamu yangu hayuko peke yake. Mji wa Isiolo umebadilika sana. Barabara ya kwenda Moyale ambayo zamani ilikuwa vumbi na mawe matupu sasa ni ya lami. Uwanja wa ndege ulifunguliwa rasmi mwaka 2017. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, wafanyakazi wengi wamehamia mjini, na kila mpangaji anayetafuta nyumba huuliza swali lile lile: je, choo na bafu viko ndani? Wenye nyumba nao wamesikia. Wanabomoa, wanapasua kuta na kubandika vigae. Maduka ya vifaa vya ujenzi yamejaa masinki ya kila namna, na fundi anayejua kupanga vigae hakosi kazi.

Siwalaumu hata kidogo wanaotaka choo cha ndani. Mama mjamzito hapaswi kutembea gizani usiku wa manane akitafuta choo cha nje. Msichana hapaswi kujizuia hadi kupambazuke kwa kuogopa wahuni au mbwa. Mgonjwa na mzee hawapaswi kuvuka ua wakati wa mvua. Choo kilicho karibu, chenye mlango unaofungika na taa inayowaka, ni afya na ni heshima ya mtu.

Ninacholalamikia ni mpangilio wa matumizi. Tunaanza na kinachoonekana, tunamalizia na kisichoonekana, na mara nyingi pesa huisha kabla hatujafika huko. Ukuta wenye vigae haumzuii mtoto kuhara. Kinachomkinga ni maji, sabuni, na uchafu uliozikwa mahali usipoweza kurudi kwenye kikombe chake. Ndiposa nasema, kabla hujamwita fundi wa vigae, jiulize maswali mawili: maji yatatoka wapi, na uchafu utakwenda wapi?

Maji yatatoka wapi?

Tuchukue penseli tupige hesabu. Tuseme nyumba ina watu sita, na kila mmoja anakwenda chooni mara nne kwa siku. Hiyo ni mara 24. Matangi mengi ya vyoo vya zamani humwaga lita tisa kila yakivutwa. Basi familia hiyo itahitaji lita 216 kwa siku kusukuma uchafu peke yake, yaani karibu mitungi 11 ya lita 20, kabla mtu hajapika, hajafua wala hajaoga. Choo cha kisasa cha lita sita kitahitaji lita 144, ambayo ni mitungi saba na ushee. Choo cha kuchutama ambacho mtu humwagia maji kwa kopo huhitaji lita mbili hivi kila mara, kwa hivyo familia ile ile itatumia lita 48, yaani takriban mitungi miwili na nusu.

Isiolo ni nchi kame. Mto Isiolo unaoshuka kutoka upande wa Mlima Kenya una wengi wanaoutazamia: mji, mashamba na mifugo. Hatujasahau jinsi misimu mitano ya mvua ilivyokosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, mifugo ikafa na visima vikakauka. Katika mahali kama hapa, kununua choo kinachomeza mitungi 11 kwa siku ni sawa na kununua ng'ombe wa gredi bila kujua atakula nini.

Matokeo yake nimeyaona kwa macho. Siku ambayo maji hayapo, watu huendelea kukitumia choo cha ndani wakitumaini kwamba maji yatakuja jioni. Hayaji. Harufu inajaa nyumbani, nzi wanaingia, na jikoni ni hatua tatu tu kutoka hapo. Choo cha shimo kilichokuwa mbali uani kilikuwa na harufu yake, lakini angalau nzi wake walikuwa na safari ndefu kufika kwenye ugali.

Kuna jambo lingine ambalo mafundi wengi hawamwelezi mteja. Chini ya kila choo cha kuvuta na kila sinki kuna bomba lililopindwa kama shingo ya bata. Bomba hilo lilipewa hataza mjini London mwaka 1775 na fundi wa saa aliyeitwa Alexander Cumming. Kazi yake ni kubakisha maji kidogo kwenye pindo ili yawe kizuizi, hewa chafu na mende wasipande juu. Choo kisipotumiwa kwa siku nyingi, maji hayo hukauka, na katika joto letu hukauka haraka. Hapo mlango kati ya nyumba yako na tangi la uchafu unakuwa wazi. Ikiwa una choo usichokitumia, kimwagie kopo la maji mara kwa mara.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu. Nunua tangi la maji kabla ya kununua sinki. Weka mabati ya paa yako kazini: kila milimita moja ya mvua inayonyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita 60 za mraba likipata mvua ya milimita 20 litateremsha lita 1,200. Hata ukipoteza thuluthi moja kwa kuvuja na kwa kumwaga maji ya kwanza yenye vumbi na mavi ya ndege, utabakiwa na lita 800, yaani mitungi 40. Kisha chagua choo kinacholingana na maji uliyo nayo. Choo cha kuchutama si cha kimaskini. Kipo katika nyumba za matajiri wengi wa bara Asia, ni rahisi kukiosha, na wanaotawadha kwa maji wanakifurahia zaidi. Mwenye kutaka cha kukalia, kwa ajili ya mzee au mgonjwa, na atafute chenye vibonyezo viwili, kimoja cha maji machache na kingine cha maji mengi.

Na maji ya kuoshea nguo au ya kuogea yasimwagwe ovyo. Yakusanye kwenye ndoo yasukume choo. Wengi wa mama zetu wamekuwa wakifanya hivyo kabla hata ya wataalamu kutufundisha.

Uchafu utakwenda wapi?

Swali hili la pili ndilo linalonikosesha usingizi zaidi, na jibu lake limo katika historia ya mji ambao wengi hudhani ulizaliwa ukiwa safi.

Mwaka 1851 kulikuwa na Maonyesho Makuu jijini London. Fundi mmoja, George Jennings, aliweka pale vyoo vya kuvuta maji ambavyo watu walivilipia senti kuvitumia. Zaidi ya watu 800,000 walivijaribu, na wengi wakarudi nyumbani wakitamani kuwa navyo. Vyoo vya kuvuta vikazidi kuenea katika nyumba za London. Ila mifereji ya kupokea uchafu huo haikuwa imejengwa. Mashimo ya zamani yaliyotengenezewa uchafu mkavu yakajaa maji na kufurika, na mengine yakaelekezwa Mto Thames, mto ule ule waliokunywa maji yake. Mwaka 1853 na 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 10,000 mjini humo. Ni katika mlipuko huo ambapo daktari John Snow alionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa ukisambaa kwa maji ya bomba moja la mtaani. Mwaka 1858 mto ulinuka hadi wabunge wakashindwa kuketi, na ndipo pesa za kujenga mifereji mikuu zikapatikana.

Watu wa London hawakuwa wajinga. Walifanya kosa moja tu: walileta choo kabla ya mfereji. Nasi tunataka kulirudia kosa hilo ilhali somo tumekwisha kulipata bure?

Mifereji ya maji taka haijafika kila mtaa wa Isiolo. Nyumba nyingi hutegemea choo cha shimo, au tangi la maji taka ambalo mafundi huliita septiki. Tangi hilo likijengwa sawasawa ni kitu kizuri. Lina vyumba viwili. Katika chumba cha kwanza uchafu mzito hutua chini na mafuta huelea juu. Maji yaliyo katikati huvuka hadi chumba cha pili, kisha hutoka kwenda kwenye shimo la kunywea ambako udongo huyachuja. Matope yanayobaki chini ni lazima yanyonywe na lori kila baada ya miaka michache.

Hata hivyo, mara nyingi kinachoitwa septiki ni shimo tu lililofunikwa kwa zege, lisilo na sakafu wala ukuta wa kati. Mwenye nyumba hufurahi kwamba halijai kamwe. Ndugu msomaji, tangi lisilojaa si muujiza. Uchafu wako unakwenda mahali fulani, na ikiwa kuna kisima karibu, huenda unajua ni wapi.

Kanuni inayotumiwa na wahandisi wa maji ni kwamba shimo la choo liwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na sehemu yake ya chini ibaki angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Sasa pima ploti ya kawaida ya futi 50 kwa futi 100. Hiyo ni mita 15 kwa mita 30. Kwa maneno mengine, upande mrefu wote wa ploti yako ndio umbali unaohitajika! Ukichimba kisima kwenye pembe moja na choo kwenye pembe nyingine ya mbali, umejiokoa wewe, lakini huenda choo chako kiko hatua tano kutoka kisima cha jirani, na chake hatua tano kutoka chako.

Ndiyo maana jambo hili haliwezi kumalizwa na mtu mmoja akiwa na fundi wake. Majirani sharti waketi pamoja, waonyeshane visima viko wapi na mashimo yako wapi, kabla mtu hajachimba. Pale ambapo makosa yamekwisha kutendeka, maji ya kisima yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa dawa ya klorini. Kumbuka pia mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2023, zilipofuata ukame ule mrefu. Mafuriko huinua uchafu kutoka mashimoni na kuutembeza mitaani bila kubagua nyumba yenye vigae na isiyo navyo. Wakati huo Kenya ilikuwa imekwisha kupambana na kipindupindu tangu Oktoba 2022, na kaunti za kaskazini mashariki kama Garissa, Wajir na Mandera ziliumia sana.

Msomaji anaweza kuniuliza, "Basi unatuambia turudi kwenye vyoo vya shimo?" Jibu langu ni kwamba choo cha shimo kilichojengwa vizuri ni bora kuliko choo cha kuvuta kisicho na maji. Mwaka 1973, nchini Zimbabwe ya leo, mtaalamu Peter Morgan alibuni choo cha shimo chenye bomba refu la kupitisha hewa. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta hewa chafu kutoka shimoni. Nzi waliomo ndani hufuata mwangaza unaoonekana juu ya bomba, lakini wanakutana na wavu, wanashindwa kutoka na kufa. Kinachohitajika ni bomba linalopita paa kwa nusu mita, wavu usiooza, na chumba chenye kiza kidogo. Ukiongeza sakafu laini ya saruji inayoosheka, una choo ambacho hakihitaji hata lita moja ya kuvuta, wala hakikusubirishi siku ya zamu ya maji.

Maji yaliyohifadhiwa nayo yana adui

Mtu akishasikia habari ya tangi, huweka madumu, mapipa na ndoo kila pembe ya bafu. Ni vyema, lakini maji yasiyofunikwa ni kitalu cha mbu. Mwaka 2023 taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI ilitangaza kwamba mbu wa malaria aitwaye Anopheles stephensi, ambaye asili yake ni bara Asia, alikuwa amepatikana katika kaunti ya Marsabit, jirani zetu wa kaskazini. Tofauti na mbu wa malaria tuliowazoea, huyu hupenda miji na huzaana katika matangi na mapipa ya maji. Mbu wa homa ya dengue na chikungunya naye ana tabia hiyo hiyo.

Wazee wa Lamu walilijua tatizo hili zamani. Katika bafu za nyumba zao za mawe walijenga birika la kuhifadhia maji ya kuogea, na ndani yake wakaweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Sisi tusio na samaki tuna mfuniko. Funika kila chombo, na kila wiki kimwage, kisugue kwa ndani ili mayai yaliyonata yatoke, ndipo ukijaze tena.

Sakafu inayong'aa na mifupa ya wazee

Turudi kwa nyanya yangu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba miongoni mwa ajali zinazoua watu bila kukusudiwa, kuanguka ni ya pili ulimwenguni, baada ya ajali za barabarani, na wazee ndio wanaokufa zaidi. Mzee akivunjika nyonga mara nyingi hulala kitandani muda mrefu, na kulala huko huleta vidonda, nimonia na damu kuganda miguuni. Nyanya yetu alibahatika kwamba mfupa haukuvunjika.

Vigae vinavyong'aa ni vya ukutani. Sakafuni weka vigae vyenye mikwaruzo, au saruji iliyopigwa brashi kabla haijakauka. Mwambie fundi ainamishe sakafu kuelekea tundu la maji, ili yasituame. Usiweke kizingiti kirefu mlangoni. Funga bomba la chuma ukutani, kando ya choo na mahali pa kuogea, imara kiasi cha kumzuia mtu mzima asianguke. Bei yake ni ndogo ukiilinganisha na ya vigae vya ukuta mmoja. Weka kigoda kisichoteleza ili mzee aoge ameketi, na taa anayoweza kuiwasha kabla ya kuingia.

Watoto pia tuwafikirie. Mtoto mdogo huogopa tundu kubwa na choo kirefu, hivyo huenda haja nyuma ya nyumba, na wako wazazi wanaodhani kwamba kinyesi cha mtoto hakina madhara. Hilo si kweli, kwani kina vijidudu kama cha mtu mzima. Mpe poti, kisha mwaga chooni kilichomo na uioshe. Kwa ajili ya akina mama na wasichana, weka msumari wa kutundikia nguo na pipa lenye mfuniko la kutupia sodo, kwa sababu sodo zikitupwa chooni huziba mabomba.

Stima na makaa bafuni

Siwezi kumaliza bila kutaja hatari mbili zinazoua haraka. Ya kwanza ni ile bomba la mvua la kupasha maji kwa stima. Stima na maji si marafiki. Kifaa hicho ni lazima kifungwe na fundi wa umeme mwenye leseni, kiwe na waya wake wa ardhini na swichi ya kujikata yenyewe hitilafu itokeapo. Kama maji yako ni ya kisima na yana chumvi, uliza dukani kifaa kilichotengenezewa maji ya chumvi, kwa kuwa maji hayo hupitisha umeme kwa urahisi zaidi na hula vyuma. Ukihisi mfereji unakutekenya kwa shoti, usiupuuze. Zima stima, muite fundi.

Ya pili ni jiko la makaa au kifaa cha gesi ndani ya bafu lililofungwa. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na mtu huzimia kabla ya kugundua. Pasha maji nje, uyaingize kwa ndoo. Na bafu liwe na dirisha linalofunguka, hata kama ni dogo, kwa sababu hewa hukausha kuta na kuzuia kuvu linalowasumbua wenye pumu.

Wajibu ni wa nani?

Kuna watakaosema haya yote ni ya mwenye nyumba na mfuko wake. Sikubaliani nao. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila Mkenya haki ya kuwa na usafi wa kiwango cha kuridhisha, na haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, nayo inawapa maafisa wa afya uwezo wa kuchukua hatua dhidi ya choo au shimo linalohatarisha maisha ya watu. Basi kaunti ituletee mifereji na maji, na maafisa wa afya wakija kukagua nyumba mpya ya kupangisha wasiridhike na kuta. Waombe mfuniko wa tangi ufunguliwe. Waulize lori la kunyonya litapitia wapi. Mpangaji naye, kabla ya kulipa kodi ya mwezi wa kwanza, afungue mfereji na kuuliza maswali hayo hayo.

Kwetu sisi wenye kujenga, utaratibu na uwe huu: kwanza tangi la maji taka au shimo lililo sawa, pili tangi la maji safi na mfuniko wake, tatu mahali pa kunawia mikono penye sabuni, na kama hakuna mfereji, hata kibuyu chirizi cha kukanyaga kwa mguu kinatosha, nne sakafu isiyoteleza na bomba la kushikilia, tano hewa na taa. Shilingi zikibaki, nunua vigae vya rangi uipendayo, na hakuna atakayekuonea kijicho.

Binamu yangu alinisikiliza kwa uchungu kidogo, kwa maana hakuna anayependa kuambiwa kwamba akiba yake imeishia ukutani. Lakini wiki jana alinipigia simu. Ameagiza fundi aje ang'oe vigae vya sakafu na kumwaga saruji ya kukwaruza. Bomba la kushikilia limefungwa kando ya choo, na anachanga pesa za mabati ya kukinga maji ya mvua na tangi. Nilimwomba ampe nyanya simu.

"Nasikia bafu linarekebishwa," nikamwambia.

"Nimeliona hilo bomba," akajibu. "Nimelivuta kwa nguvu zangu zote, halikung'oka. Sasa mwambie ndugu yako alete maji."